Kompyuta Ambayo Hakuna Mtu Angeiomba

Katika miaka kumi na minne ya kazi melini, Tebano aliombwa redio tatu, baiskeli mbili, injini ya mtumbwi, godoro la sponji, saa ya mkononi na viatu vya ngozi alivyokuwa amevivaa. Vyote alivitoa. Hakuna aliyemwibia na hakuna aliyemtishia. Waliokuja walikuwa ndugu zake wa kisiwa cha Betio. Walikaa kwenye mkeka, wakanywa walichopewa, wakatamka neno bubuti, kisha wakataja kitu. Mtu wa ukoo akilitamka neno hilo, unatoa. Viatu alivivua palepale mlangoni mwa kanisa akarudi nyumbani pekupeku, na aliyeviomba akamsindikiza mpaka njia panda huku wakizungumza habari za samaki.

Alipofika miaka arobaini na moja, kampuni ya meli ilikuwa imeacha kuchukua mabaharia wa visiwani, naye alikuwa akipanga makontena bandarini kwa ujira wa siku. Ndipo ilipomfikia barua ya chuo kikuu. Alikuwa amepata nafasi ya watu wazima, bila ada, kusomea ualimu wa hisabati akiwa nyumbani kwake. Masharti yalikuwa mawili: awe na kompyuta yake yenye kamera, na Alhamisi saa tatu asubuhi afanye mtihani wa kuingilia mbele ya kamera hiyo. Asiyefanya angepoteza nafasi, na nafasi hiyo haikutolewa mara ya pili.

Mtihani haukumtia hofu. Baharini aliwahi kukokotoa uzito wa shehena kwa kalamu na karatasi, mitambo ikiwa imezimika na meli imelala ubavu. Alichoogopa ni siku zilizokuwa kati ya Jumamosi atakayonunua na Alhamisi atakayoketi. Siku zote hizo kompyuta ingekuwa ndani ya nyumba isiyo na kuta, kwenye kichochoro ambacho kila apitaye ni binamu.

Mkewe, Tinaai, aliuza nguruwe wake wawili ili pesa zipatikane. Alipomkabidhi alimwambia neno moja tu.

"Hii isiende, Tebano."

"Haiendi."

"Injini pia ulisema haiendi."

Alichagua Jumamosi alasiri kwa sababu siku hiyo kulikuwa na harusi na nusu ya Betio ilikuwa kwenye ukumbi mkubwa. Alipita nyuma ya nyumba, upande wa bahari kuu, mahali watu wanakotupa makopo, akaingia dukani kwa mlango wa pembeni. Muuzaji, Mareta, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa peke yake.

"Karibu, nahodha. Harusi umeikimbia?"

"Niko njiani. Nataka kuona kompyuta za kubeba."

"Zipo tatu. Unataka ya kutazamia sinema au ya kazi?"

"Ya kusomea."

"Mtoto gani huyo anayesoma?"

"Mimi."

Mareta alimtazama toka nywele mpaka ndara. "Haya. Karibu, mtoto."

Akaziweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, inchi kumi na tano, nyeusi inayong'aa, na vibonye vyake viliwaka rangi nyekundu. Ya pili ilikuwa ya mtumba, rangi ya fedha, imetoka katika ofisi ya mradi uliofungwa. Ya tatu ilikuwa ndogo, inchi kumi na moja, kijivu, plastiki nene yenye mpira kwenye kingo zote. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule, na ilifanana na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule.

Tebano alianza na ile kubwa, akaigeuza chali. Ubavuni ilikuwa na matundu ya feni. Aliyatazama matundu hayo kwa muda. Melini alijifunza kwamba chombo huanza kufa pale hewa inapoingilia, na hewa ya Betio ni chumvi tupu. Ile ya mtumba aliiwasha, akachomoa waya, akahesabu dakika kwa simu. Betri ilishuka kwa kasi mpaka Mareta mwenyewe akaona haya.

"Hiyo ukiichomoa inamaliza sala moja," alisema. "Tena sala ya mchungaji kijana, siyo yule mzee."

"Na hii ndogo?"

"Hiyo haina feni, haina tundu. Kutwa nzima inakaa bila umeme. Ila nikwambie ukweli, kaka, usije ukanitukana kesho. Nafasi yake ya kuhifadhia ni finyu. Ukiweka sinema mbili tatu imejaa. Na ukifungua mambo kumi kwa mpigo, itakusimamia tu ikikutazama."

"Nitafungua moja."

Aliifunga na kuifungua mara ishirini akisikiliza bawaba. Alipima vibonye kwa vidole vyake vilivyokomazwa na kamba za meli, akaona kwamba vinatosha kwa shida. Alijipiga picha kwa kamera, akaona uso wa mtu mwenye wasiwasi. Kisha aliinama juu ya meza akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada, kati ya hizi, ipi haijawahi kuulizwa na mtu?"

Mareta aliacha kutabasamu. Yeye pia alikuwa wa Betio, naye pia aliwahi kuwa na baiskeli.

"Hiyo ndogo," alisema. "Iko hapo tangu Pasaka. Vijana wanaipita kama kopo la rangi."

"Nipe hiyo."

Tebano alitoa pesa. Alikataa boksi lenye picha ya kompyuta, na Mareta, bila kuambiwa sababu, akaitafutia boksi tupu la biskuti. Alikuwa akifunga kamba Biribo alipoingia kwa kishindo.

Biribo ni mtoto wa baba mkubwa wa Tebano, hivyo kwao ni kaka yake. Ni mtu mwenye sauti kubwa na tumbo kubwa, na katika orodha ya vitu vilivyoombwa, baiskeli moja na godoro ni vyake.

"Betri za spika, Mareta, haraka, bibi harusi anacheza bila muziki! Aa, baharia! Umejificha huku? Unanunua biskuti boksi zima? Kwako kuna msiba?"

"Hapana, kaka."

"Basi kuna sherehe sijaalikwa." Biribo aliegemea meza, na kabla Mareta hajavuta kamba, akafunua ubavu wa boksi kwa kidole kimoja. Chaja ilionekana. Kisha ukingo wa kijivu ukaonekana. "He! Biskuti ya umeme!"

Tebano aliona mdomo wa kaka yake ukianza kufunguka tena. Jasho lilimtoka kwapani, likateremka mpaka kiunoni. Kwa hofu kama ile watu wa Betio wana njia moja tu: kitu kisicho chako hakiombwi kwako. Wajanja husema ni cha kanisa, au cha kampuni, au cha serikali. Wanataja mwenye mali asiye na mdomo. Tebano alijua hivyo kama ajuavyo jina lake. Lakini kilichomtoka ni hiki:

"Siyo yangu. Ni ya baba mkwe."

"Mzee Kaiea?"

"Nimemnunulia."

Biribo alicheka mpaka akashika meza. "Mzee Kaiea na kompyuta! Haoni hata sahani yake, juzi amekula ganda la kaa! Mareta, umesikia? Huyu ndiye mkwe. Wakwe zangu mimi hawajaninunulia hata kiberiti." Alichukua betri zake akaondoka, na waliweza kusikia sauti yake ikimwambia mtu wa kwanza barabarani.

Mareta alimaliza kufunga kamba. Hakumtazama Tebano.

"Ungesema ni ya kanisa," alisema.

Kutoka dukani mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Habari ilimtangulia. Alipofika, mzee Kaiea alikuwa amekaa kwenye ulingo wa nyumba, miguu imekunjwa, amevaa shati jeupe analolivaa Krismasi. Tinaai alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, uso wake hauna damu.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema. "Wamenieleza. Nimewaambia wanatania."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Tebano alifungua mdomo. Mzee alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Mtu huyu aliwahi kuwa na mtumbwi uliojulikana mpaka visiwa vya kusini, akaombwa. Minazi yake ya shambani aliombwa mmoja mmoja. Sasa aliishi kwenye ulingo wa mkwewe, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kumpa kitu.

Tebano akaweka boksi mikononi mwake.

Usiku ule Tinaai alimwambia mumewe kwa kunong'ona kwamba yeye ni mpumbavu, kisha akamwambia afanye hesabu zake tu, siku ni tano.

Kuanzia Jumapili Tebano alisoma akiwa amekaa bega kwa bega na mzee, kompyuta ikiwa katikati yao kwenye mkeka wa mzee. Kuitumia aliruhusiwa, na mzee alifurahi kuona inatumiwa. Tatizo lilikuwa furaha yenyewe. Kaiea alimwita kila apitaye.

"Njoo uone alichonipa mkwe wangu! Njoo, isogelee, haiumi!"

Nao walisogea. Tebano, vidole juu ya vibonye, aliacha kuona namba. Alijifunza nyayo. Changarawe za matumbawe zinalia kwa kila mtu namna yake, na kufikia Jumatatu jioni aliweza kumtambua binamu kabla hajakunja kona. Kila aliyefika alikuwa na mdomo, na kila mdomo uliweza kusema neno. Mzee Kaiea, katika miaka yake sabini na sita, hakuwahi kumnyima mtu. Watu walilisema hilo kama wanavyosema bahari ni pana.

Lakini uchaguzi wa dukani ulikuwa sahihi. Vijana waliiangalia, wakauliza kama inacheza michezo, wakaambiwa haichezi, wakaondoka. Binamu mmoja alisema inafanana na sanduku la dawa. Mwingine aliuliza kama itakua. Tebano alicheka na wote, na kila kicheko kilimuuma mbavu kama amekimbia.

Jumanne alasiri changarawe zililia kwa uzito anaoujua. Biribo alikuja bila mzaha. Alikuwa amechana nywele. Alikaa kwenye ukingo wa ulingo, akapokea kikombe cha tembo tamu la mnazi, akanywa lote, akarudisha kikombe.

"Mzee," alisema, "mwanangu Tiaon ana miezi kumi na moja Australia, anachuma matunda. Simu yangu inatoa sauti tu, kioo kimekufa. Mama yake anamsikia, hamwoni. Anasema sauti imebadilika, anasema huenda anaumwa na anatuficha." Akatazama mkeka. "Mzee Kaiea, bubuti. Nakuomba hiyo kompyuta."

Tebano alikuwa na swali la kumi na saba mbele yake, ujazo wa pipa lililolala. Alikazia macho pipa. Alingoja sauti ya mzee ikisema chukua, mwanangu, kama alivyoisikia ikisema mara zote.

Haikuja. Kuku walipita chini ya ulingo. Tinaai, aliyekuwa akiosha mchele, aliacha maji yamwagike.

"Hii hapana," mzee alisema.

Biribo alidhani hakusikia. "Mzee?"

"Chochote kingine, Biribo. Mkeka huu. Shati hili. Hii nimepewa na mkwe wangu. Siwezi."

Biribo alibaki amekaa kidogo, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepanda ngazi akakuta hakuna kidato. Hakukasirika. Alisema asante kwa tembo, akasimama, akaondoka. Safari hii hakuzungumza na mtu yeyote barabarani, na hiyo ndiyo iliyomwogofya Tebano zaidi.

Haikuwa lazima azungumze; nyumba isiyo na kuta haifichi neno. Jumatano asubuhi wazee walikutana ukumbini kujadili makuti ya paa. Mzee Kaiea alikwenda na shati lake la Krismasi, akarudi kabla ya saa nne. Tinaai alipata habari kisimani: baba yake alipotoa neno lake, watu walitazama mikeka yao mpaka alipomaliza, kisha msemaji aliyefuata akaendelea kana kwamba aliyepita ni upepo.

"Sasa kompyuta iko salama," Tinaai alimwambia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hakuna atakayeomba tena kwenye nyumba hii. Hakuna atakayekuja. Ndicho ulichokitaka?"

Alikuwa sahihi kuhusu usalama. Mtu aliyemnyima Biribo angemnyima yeyote, na watu wasingejitia aibu ya kujaribu. Tebano alikuwa na siku nzima ya kusoma bila nyayo. Alisoma saa moja. Mzee alikaa pembeni yake, kidole kimoja kikipapasa ule mpira wa ukingoni. Kichochoro kilikuwa kimya, na Tebano akagundua kwamba ukimya huo ulimtisha kuliko changarawe. Angefaulu kesho, angesoma miaka mitatu, angekuwa mwalimu, na mzee huyu angekufa akiitwa mnyimaji kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa chake.

Na akisema ukweli? Kompyuta ingekuwa yake mbele ya watu wote, na yeye hakuwahi kujua kusema hapana. Biribo angetamka neno jioni ileile. Mtihani ulikuwa na saa ishirini na mbili mbele.

"Baba," alisema. "Nilikudanganya."

Alieleza yote: duka, boksi la biskuti, mdomo wa Biribo ukifunguka. Alieleza akitazama vibonye. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mimi uliniwaza lini? Kabla Biribo hajaingia, au baada?"

"Baada, baba."

Kaiea alitikisa kichwa taratibu. Alifungua vifungo vya shati jeupe kimoja kimoja, akalivua, akalikunja katika nne, akaliweka juu ya sanduku. Kisha akaisukuma kompyuta kwa viganja viwili mpaka ikavuka ukingo wa mkeka wake.

"Nimemnyima mtu," alisema. "Kwa umri huu." Halafu akaongeza: "Nenda kamwambie Biribo wewe mwenyewe. Asisikie kwa mtu."

Tebano alikwenda mikono mitupu. Biribo alikuwa uani anashona wavu, mkewe ndani. Tebano hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu anayetoa taarifa ya ajali: kwamba kompyuta ni yake, kwamba alidanganya dukani kwa hofu ya kuombwa, kwamba mzee alikataa kwa kuamini uongo, na lawama isiwe ya mzee.

Sindano ya Biribo ilisimama hewani.

"Kwa hiyo ni yako."

"Ni yangu, kaka."

"Na uliniogopa mimi."

"Nilikuogopa."

"Godoro nililiomba mke wangu alipojifungua. Unajua hilo?"

"Najua."

Biribo alivuta uzi, akaukata kwa meno. Tebano alingoja neno. Aliliona limekaa pale, kwenye kidevu cha kaka yake. "Mtihani wako lini?"

"Kesho saa tatu."

"Nenda nyumbani, baharia."

Hakuomba. Tebano alirudi nyumbani akiwa amebeba jambo hilo. Ombi lililosemwa lina mwisho, unatoa na linakwisha. Hili halikuwa limesemwa.

Alhamisi asubuhi Tinaai alifunga mikeka pande tatu za nyumba ili kukata mwanga. Mzee Kaiea alikuwa hayupo. Watu wawili walikuwa wamepita kumchukua kwenda ukumbini, na hiyo ilimwonyesha Tebano kwamba Biribo alikuwa amezungumza, ingawa haikumwambia alizungumza nini juu yake. Saa tatu kamili uso wake ukatokea kwenye kioo kidogo. Swali la kwanza likaja.

Alifika swali la tisa changarawe zilipolia. Hatua nzito, za pole, zikasimama chini ya mti wa mshelisheli ulio kando ya nyumba. Kamera ilikuwa ikimtazama, na sheria ilisema asigeuze kichwa. Hakugeuza. Alisikia mtu akichuchumaa, pumzi ya mtu mwenye tumbo kubwa, kisha hakusikia kitu. Kwa saa moja na dakika arobaini Tebano alikokotoa riba, pembe na ujazo, na shingo yake ilikuwa ngumu kama ubao. Mara mbili alisoma swali asielewe lugha iliyoandikwa. Mara moja alifuta jibu sahihi, akaliweka tena.

Alipobonyeza kitufe cha mwisho, kioo kilimwambia majibu yamepokelewa. Chini ya mshelisheli mtu alikohoa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Biribo alisogea mpaka ukingo wa ulingo. Nyuma yake alisimama mkewe, amevaa nguo ya kanisani, maua kichwani, mikono imekumbatia mkoba. Walikuwa wamengoja wote wawili nje, na mke alikuwa amengoja amesimama ili asikunje nguo.

"Sasa nakuomba, Tebano," Biribo alisema, na Tebano akasikia moyo wake ukigonga kwenye meno. "Bubuti. Nakuomba leo, na kila Jumapili baada ya kanisa, mama Tiaon akae hapo mbele ya hiyo, amwone mwanawe..."

"Sawa," Tebano alisema. "Ndiyo. Kaeni. Karibuni."

Alijibu kabla sentensi haijaisha, asije kaka yake akaibadilisha.